Sarafu Iliyobaki Kwenye Orodha: Kisa cha Kuondoa Safu za NumPy Wakati wa Kuchakata Picha

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika mradi mdogo wa kupima mbegu kwa kutumia picha. Majina ya wahusika, mahali na taasisi iliyosimamia kazi yameondolewa, na vipimo vya mbegu vimewekwa kama mfano, lakini mwenendo wa programu umeelezwa kama ulivyokuwa, na msomaji mwenye Python kwenye kompyuta yake anaweza kuurudia mwenyewe hatua kwa hatua. Mimi niliitwa kusaidia baada ya matokeo kuwa yamekwisha kuharibika, nikabaki na kikundi hicho hadi kazi ilipokabidhiwa.

## Usuli

Kikundi cha watu wanne kilikuwa kikilinganisha ukubwa wa maharage ya njano kutoka mashamba mbalimbali. Awali mbegu zilipimwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, kazi iliyochosha macho na kuchukua siku nzima kwa mafungu machache tu. Ndipo mmoja wao aliyejua Python akapendekeza njia ya picha. Mbegu kama 40 hutandazwa juu ya kitambaa cheusi ndani ya sinia bila kugusana, sarafu moja huwekwa pamoja nazo, na simu iliyofungwa kwenye stendi hupiga picha kutoka juu. Kipenyo cha sarafu kinajulikana kwa milimita, kwa hiyo ukihesabu sarafu hiyo ina pikseli ngapi kwenye picha, unapata kipimo cha kugeuza pikseli za kila mbegu kuwa milimita.

Programu ilitumia maktaba mbili za Python, OpenCV ya kuchakata picha na NumPy ya kufanya hesabu kwa safu, yaani namba nyingi zilizopangwa pamoja. Picha hugeuzwa kuwa ya kijivu, kisha huwekewa kizingiti ili kila kitu chenye mwanga, yaani mbegu na sarafu, kiwe cheupe kabisa na kitambaa kiwe cheusi kabisa. Baada ya hapo fanksheni `cv2.findContours` hufuata ukingo wa kila kitu cheupe na kurudisha mkusanyo wa kontua, yaani nukta za ukingo wa kila kitu. Kila kontua ni safu ya NumPy: ukingo wenye nukta 190 huwa safu yenye umbo la `(190, 1, 2)`, ambamo kila nukta ina namba mbili za kuonyesha mahali ilipo kwenye picha.

Sarafu ikishatumika kama kipimo haina kazi tena, na ni lazima itolewe kabla ya kukokotoa wastani wa mbegu. Mwandishi wa programu alifanya hivyo kwa mistari minne:

```python
kontua, _ = cv2.findContours(nyeupe, cv2.RETR_EXTERNAL, cv2.CHAIN_APPROX_NONE)
orodha = list(kontua)
sarafu = max(orodha, key=cv2.contourArea)
orodha.remove(sarafu)
```

Mstari wa pili aliuweka kwa sababu matoleo ya karibuni ya OpenCV hurudisha kontua ndani ya `tuple`, ambayo haikubali kuondolewa kitu. Mstari wa nne ndio ulioleta mkasa wote, na sidhani kama yupo mtu anayeweza kuusoma kwa mara ya kwanza akaushuku. Sarafu imepatikana ndani ya orodha ile ile, na sasa inaondolewa ndani ya orodha ile ile.

## Mambo yalivyofuatana

Kwa majuma kadhaa programu ilifanya kazi bila dosari. Mpiga picha alikuwa mmoja, naye alikuwa na mazoea ya kuiweka sarafu upande wa chini wa sinia, karibu na mkono wake wa kulia. Alipokwenda likizo, aliyeshika nafasi yake akawa anaiweka upande wa juu. Hakuna maelekezo yaliyowahi kusema sarafu ikae wapi, wala hakukuwa na sababu ya kuyaandika. Picha ya kwanza aliyoipiga iliangusha programu kwenye kompyuta ya mezani, kwa ujumbe huu:

```
ValueError: operands could not be broadcast together with shapes (190,1,2) (447,1,2)
```

Ujumbe huo unasema kwamba safu mbili zenye maumbo hayo hazipatani. Picha ilitumwa kwa mwandishi wa programu. Kwenye kompyuta yake ilipita vizuri, na sarafu ikaondolewa kama kawaida. Akadhani faili iliharibika njiani, akaomba iletwe upya kwa waya. Ikaletwa, nayo ikapita. Kwa siku mbili watu wawili walibishana juu ya picha moja, kila mmoja akiwa na ushahidi mbele ya macho yake.

Siku hizo hizo mwandishi wa programu aliongeza hatua nyingine, ya kuondoa vipande vya mbegu zilizovunjika na chembe za vumbi:

```python
for k in orodha:
    if cv2.contourArea(k) < kiwango:
        orodha.remove(k)
```

Hatua hiyo iliangusha programu hata kwenye kompyuta yake, ila kwa baadhi ya picha tu, na kwa ujumbe tofauti:

```
ValueError: The truth value of an array with more than one element is ambiguous. Use a.any() or a.all()
```

Ujumbe huu unasema kwamba safu yenye vitu zaidi ya kimoja haiwezi kuhesabiwa kuwa kweli au si kweli, na unashauri kutumia `any` au `all`. Mwandishi wa programu alitumia nusu siku akitafuta mahali pa kuziweka. Hakupata, kwa sababu ulinganisho unaolalamikiwa haumo kwenye msimbo wake. Umo ndani ya `remove` yenyewe, mahali ambapo mtumiaji wa Python hawezi kuingiza neno.

Tarehe ya kukabidhi matokeo ya awali ilikuwa imekaribia. Akazungushia mistari yote miwili `try`, na chini yake akaandika `except ValueError: pass`, yaani kosa la aina hiyo likitokea, lipuuzwe na kazi iendelee. Programu ikaacha kuanguka. Picha zote za juma hilo zikapita, na majedwali yakatumwa.

Aliyegundua kwamba mambo si sawa ni mtafiti aliyekuwa bado anapima sehemu ya mbegu kwa mkono ili kuhakiki. Mafungu yaliyopigwa picha na mpiga picha wa pili yalionekana kuwa na mbegu kubwa kuliko alivyozipima yeye. Kwa mfano wa kukadiria, chukua mbegu 40 zenye eneo la milimita mraba 82 kila moja, kisha uingize katikati yao sarafu yenye kipenyo cha milimita 25, ambayo eneo lake ni kama milimita mraba 491. Wastani unapanda kutoka 82 hadi 92. Hiyo ni tofauti ya asilimia 12, nayo inatosha kabisa kumfanya mtu apendekeze mbegu za shamba moja badala ya lingine. Inaniuma kila nikifikiria kwamba wakulima wangeweza kuambiwa mbegu yao ni duni kwa sababu tu picha yao ilipigwa sarafu ikiwa upande wa chini.

## Uchunguzi

Nilipofika sikuanza na msimbo. Niliomba tuchore kila kontua iliyobaki juu ya picha yake, na pembeni tuandike namba ya nafasi yake katika orodha. Kazi hiyo ni ya mistari sita hivi kwa `cv2.drawContours` na `cv2.putText`, na ningependa ingefanywa siku ya kwanza ya mradi. Picha za mpiga picha wa pili zilionyesha sarafu ikiwa imezungushiwa rangi kama mbegu nyingine. Picha za mpiga picha wa kwanza zilionyesha jambo ambalo hatukulitarajia. Tulipochora kontua kabla ya kuondoa chochote, sarafu yake ilikuwa na namba 0 katika kila picha, kwa kuwa katika toleo la OpenCV walilokuwa nalo orodha ilianza na kitu kilicho chini kabisa ya picha na kupanda juu.

Hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Fanksheni `remove` hupita kwenye orodha kutoka mwanzo na kwa kila kitu huuliza maswali mawili. Kwanza, je, hiki ndicho kitu chenyewe, kile kile kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta? Ikiwa ndicho, kazi imekwisha. Ikiwa sicho, huuliza swali la pili: je, kinalingana na ninachokitafuta, kwa alama ya `==`? Sarafu ilipokuwa ya kwanza kwenye orodha, swali la kwanza lilijibiwa palepale na la pili halikuulizwa kamwe. Ilipohamia juu ya sinia, mbegu zote zilizokuwa chini yake zikatangulia kwenye orodha, na Python ikalazimika kulinganisha kila mbegu na sarafu kwa `==`.

Kwa namba za kawaida, `==` hutoa jibu moja. Kwa safu za NumPy hutoa safu nyingine ya majibu, moja kwa kila jozi ya namba, kwa sababu NumPy iliundwa ili hesabu zifanyike kwa kila kipengele peke yake. Mfano mfupi unatosha:

```python
a = np.array([1, 2])
b = np.array([3, 4])
[a, b].remove(a)   # inapita
[a, b].remove(b)   # ValueError
```

Katika mstari wa mwisho, `a == b` ni `[False, False]`, na Python haijui kama majibu hayo mawili yahesabiwe kuwa ndiyo au hapana. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa `in`, `index` na `count`, kwa kuwa zote hupitia ulinganisho huo huo.

Na ubishi wa kompyuta mbili? Huo ulitokana na matoleo ya NumPy. Kabla ya toleo 1.25, lililotoka mwaka 2023, kulinganisha safu zenye maumbo yasiyopatana kulitoa jibu moja tu la `False` pamoja na onyo kwamba mwenendo huo utakomeshwa. Kuanzia 1.25 ulinganisho huo ni kosa. Kompyuta ya mwandishi wa programu ilikuwa na toleo la zamani: mbegu yenye nukta 190 na sarafu yenye nukta 447 zilipolinganishwa, jibu lilikuwa `False`, na `remove` ikaendelea hadi kuifikia sarafu na kuitoa salama. Kompyuta ya mezani, iliyowekewa maktaba upya siku za karibuni, ilikuwa na toleo jipya. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Hata toleo la zamani lilikuwa na mtego wake, nao ndio uliojitokeza kwenye vipande. Kipande kikitokea kuwa na idadi ya nukta sawa na ya kontua iliyokitangulia kwenye orodha, maumbo yao yanapatana, na ulinganisho unarudisha safu badala ya `False` moja. Chembe ya vumbi ya pikseli moja ni mbaya zaidi, kwa kuwa umbo lake la `(1, 1, 2)` linaweza kutanuliwa na NumPy lipatane na kontua yoyote ile. Kwa hiyo programu ilianguka au kupita kwa kutegemea kama kuna kipande chenye nukta sawa na za kontua iliyokitangulia, jambo ambalo hakuna mtu anayeliona kwa kutazama picha.

Onyo la NumPy nalo lilikuwapo muda wote bila kuonekana. Python huficha maonyo ya aina ya `DeprecationWarning` isipokuwa yametokea kwenye faili kuu inayoendeshwa, na fanksheni za mradi zilikuwa katika faili nyingine iliyoingizwa kwa `import`. Tulipoiendesha programu kwa `python -W default`, onyo lilijitokeza kwenye kioo.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuta `try` zote mbili kabla ya kurekebisha kitu kingine. Mwandishi wa programu alisita, akihofia kwamba kazi ya siku hiyo ingesimama. Nilimwelewa, lakini programu inayoanguka inamwambia mtu aache, ilhali programu inayonyamaza inamwacha aendelee kutuma majedwali. Makosa yote mawili, la maumbo yasiyopatana na la safu isiyo na jibu moja, ni ya aina moja ya `ValueError`, kwa hiyo `except` moja iliyameza yote bila kubagua.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kuondoa. Tulizipima njia kadhaa kwa pamoja. Kugeuza kila kontua kuwa orodha ya kawaida kwa `tolist` kungefanya `==` itoe jibu moja, lakini OpenCV inataka safu, na kugeuza kwenda na kurudi ni upotevu. Kutumia `np.array_equal` ni salama kwa upande wa makosa, kwa kuwa hutoa jibu moja hata maumbo yakitofautiana. Ila yenyewe huuliza kama vitu viwili vinafanana, na sisi hatukutaka kuondoa kinachofanana na sarafu, tulitaka kuondoa sarafu. Kwa kontua za picha moja tofauti hiyo haina madhara, kwa sababu ni vigumu vitu viwili kuwa na ukingo ule ule mahali pale pale. Kwa orodha ya vipande vya picha vilivyokatwa, ambamo vipande vitupu vyeusi hufanana kabisa, njia hiyo inaweza kuondoa pacha badala ya mwenyewe. Kuweka kontua kwenye seti au kuzifanya funguo za kamusi hakuwezekani kabisa, kwani safu za NumPy hazikubali.

Tulichagua kuunda orodha mpya kwa kuuliza swali la utambulisho peke yake:

```python
mbegu = [k for k in orodha
         if k is not sarafu and cv2.contourArea(k) >= kiwango]
```

Njia hii ilitibu pia ugonjwa wa tatu ambao ulikuwa haujaonekana. Ile `for` ya kuondoa vipande ilikuwa ikibadilisha orodha huku inaipitia. Ukiwa na maeneo 10, 3, 4 na 12, na unaondoa yaliyo chini ya 5, Python inalitoa 3, nafasi zinasogea, na hatua inayofuata inaruka hadi 12. Lile 4 linabaki. Vipande vya mbegu moja iliyovunjika hukaa karibu karibu kwenye sinia, na mara nyingi hufuatana kwenye orodha, kwa hiyo kosa hili liliwaachia vipande kadhaa katika kila fungu lenye mbegu zilizovunjika. Hakuna ujumbe wowote unaotokea kwa kosa la namna hii.

Alama ya `is` ina masharti yake, na niliyaandika kwenye maelezo ya msimbo. Inafaa pale tu ambapo kitu unachokitafuta kimetoka kwenye orodha yenyewe bila kuguswa, kama `max` inavyofanya. Ukipitisha kontua kwenye `cv2.convexHull` au `cv2.approxPolyDP`, unapewa safu mpya ambayo haimo kwenye orodha, na `is not` itakubali kila kitu bila kuondoa chochote. Vivyo hivyo, ikiwa picha zako zimerundikwa ndani ya safu moja kubwa ya NumPy badala ya orodha, kila ukiandika `rundo[0]` unapewa dirisha jipya la data ile ile, na `rundo[0] is rundo[0]` ni `False`.

## Tatizo la pili: matundu

Majuma mawili baadaye mtafiti aliomba programu ihesabu pia mbegu zilizobunguliwa. Mdudu anayeshambulia maharage ghalani akikomaa hutoboa tundu la mviringo na kutoka, na kwenye maharage ya njano tundu hilo huonekana jeusi. Kwa hiyo `RETR_EXTERNAL` ilibadilishwa kuwa `RETR_CCOMP`, ambayo hurudisha kingo za nje pamoja na kingo za matundu yaliyo ndani. Pamoja nazo huja safu ya ngazi yenye umbo la `(1, N, 4)`. Kwa kila kontua, safu hiyo inataja namba ya inayofuata, ya iliyotangulia, ya mtoto wa kwanza na ya mzazi, na huandika -1 pale isipokuwepo. Tundu huijua mbegu yake kwa namba ya mzazi.

Mwandishi wa programu aliacha orodha mpya ya `mbegu` kama tulivyoiandika, akaitumia pamoja na safu ya ngazi. Programu haikuanguka. Idadi ya mbegu zilizobunguliwa ilikaribiana na ya kuhesabu kwa mkono, na picha zilizochorwa zilionekana za kuridhisha kwa mtu aliyezitazama kwa mbali. Aliyelibaini kosa ni mama mmoja aliyekuwa akichambua mbegu mezani. Alishika ile iliyozungushiwa nyekundu kwenye picha, akaigeuza pande zote, kisha akamwita mwandishi wa programu. "Mwanangu, hii uliyoizungushia ni nzima. Iliyobunguliwa ni hii ya pembeni yake."

Alikuwa sahihi. Ukitoa kontua iliyo nafasi ya 7, ya 8 inakuwa ya 7, ya 9 inakuwa ya 8, na kuendelea, lakini safu ya ngazi inabaki na namba za zamani. Kila tundu ambalo mzazi wake alikuja baada ya sarafu kwenye orodha liliangukia mbegu jirani. Zaidi ya hayo, sarafu yenyewe ina michoro ya kuinuka na kushuka, na vivuli vyake vilileta matundu kadhaa ambayo mzazi wao ni sarafu. Sarafu ilitolewa, matundu yake yakabaki, na yakahamia kwa kilichokalia nafasi yake.

Sehemu hii ya kisa ndiyo ninayoitilia uzito kuliko zote, kwa sababu safari hii njia ya kuondoa ilikuwa sahihi kabisa kwa kanuni za Python. Nafasi ya kontua katika orodha ilikuwa tayari ni sehemu ya data, na kuondoa chochote kulivunja uhusiano huo hata kama kulifanywa kwa uangalifu. Tukaamua kutoondoa kitu. Orodha ya OpenCV inabaki kama ilivyotoka, na pembeni yake inakaa safu ya kweli na si kweli inayosema kipi kibaki:

```python
mzazi = ngazi[0][:, 3]
eneo = np.array([cv2.contourArea(k) for k in kontua])
ni_nje = mzazi == -1
sarafu = int(np.argmax(np.where(ni_nje, eneo, -1)))
baki = ni_nje & (eneo >= kiwango)
baki[sarafu] = False
mbegu = np.flatnonzero(baki)
matundu = [i for i in range(len(kontua))
           if mzazi[i] != -1 and baki[mzazi[i]]]
```

Sarafu sasa ni namba ya nafasi, si safu, kwa hiyo hakuna mahali popote ambapo kontua inalinganishwa na kontua. Tundu huhesabiwa ikiwa tu mzazi wake amebaki, hivyo michoro ya sarafu hutoka pamoja na sarafu. Mstari mmoja wa kinga uliwekwa juu ya hayo yote: picha ikiwa nyeusi tupu, `findContours` hurudisha `None` mahali pa ngazi, na programu husimama na kuitaja picha hiyo kwa jina.

## Matokeo

Picha zote zilichakatwa upya kutoka mwanzo. Hilo liliwezekana kwa sababu mpiga picha wa kwanza alikuwa na nidhamu ya kuhifadhi picha halisi kwa tarehe, bila kuzipunguza. Tofauti kati ya mafungu ya wapiga picha wawili ikatoweka, na majedwali yaliyokwisha kutumwa yakafuatwa na barua ya masahihisho. Matoleo ya NumPy na OpenCV yaliandikwa kwenye faili ya mahitaji ya mradi, na kompyuta zote mbili zikawekewa yanayolingana.

Jaribio moja liliongezwa, na ninaliona kuwa la thamani kuliko msimbo mpya wenyewe. Sinia moja lenye mbegu zilizohesabiwa kwa mkono lilipigwa picha mara nne bila kuziondoa mbegu, sarafu ikihamishwa chini, juu, kushoto na kulia. Programu ni lazima itoe idadi ile ile ya mbegu, idadi ile ile ya zilizobunguliwa, na wastani unaokaribiana sana kwa picha zote nne. Msimbo wa kwanza ungekwama kwenye jaribio hilo siku ile ile ulipoandikwa. Msimbo wa kwanza wa kuhesabu matundu ungekwama pia, mradi sinia liwe na mbegu moja iliyobunguliwa.

## Yaliyofaulu, yaliyoshindikana, na lililobaki

Kupima sehemu ya mbegu kwa mkono sambamba na programu ndiko kulikookoa kazi. Kuchora matokeo juu ya picha kulitupa jibu la tatizo la kwanza ndani ya saa moja, lakini hakukutosha kwa tatizo la pili, kwa kuwa aliyetazama picha hakuwa ameshika mbegu mkononi. Kuzungushia kosa `try` kulishindikana vibaya, na sitaki kumlaumu mwandishi wa programu peke yake. Ujumbe aliokutana nao ulimwelekeza kwenye `any` na `all`, dawa ya ugonjwa mwingine, na hakuna aliyekuwa karibu naye wa kumwambia kwamba swali lenyewe la "ondoa kinacholingana na hiki" halina maana kwa safu hadi useme unalingana kwa namna gani.

Lilibaki jambo moja ambalo utaratibu huo mpya haukulitatua. Programu ilikuwa bado inachukulia kwamba kitu kikubwa kuliko vyote ni sarafu. Sarafu ikisahaulika, mbegu kubwa kuliko nyingine ingetolewa mahali pake, na vipimo vyote vya milimita vingepotoka. Tulijaribu kwanza kupima umviringo kwa kulinganisha eneo na mzingo, lakini harage lenye urefu wa milimita 13 na upana wa 8 hupata kama 0.92 ambapo duara kamili hupata 1, na ukingo wa pikseli unapunguza alama ya sarafu yenyewe kiasi cha kuzifanya zisitofautiane vizuri. Kilichofaa ni mstatili mdogo unaoizunguka kontua, unaopatikana kwa `cv2.minAreaRect`: pande za mstatili wa sarafu zinakaribia kuwa sawa, na za harage moja hazikaribii. Uwiano wa pande ukizidi 1.1, programu husimama na kuomba picha nyingine.